Dakika Nne za Amiri

Watu walipoanza kumzomea, mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mama yake, safu moja tu, karibu kiasi cha kuona uzi mweupe uliosahauliwa na fundi kwenye kola ya gauni lake. Gauni lile alilishonesha kwa ajili ya siku hiyo.

Lilikuwa onyesho la mchana, la watu wa ndani: waigizaji, mafundi na jamaa zao, wiki mbili kabla filamu haijafunguliwa kwa umma. Kwenye skrini, mfalme alikuwa amekata roho ndani ya ngome iliyozingirwa na maadui. Amiri wa jeshi lake, mtu aliyekua naye wakila sahani moja, alisimama kando ya kitanda, akageuza uso, akatabasamu. Tabasamu dogo, la upande mmoja wa mdomo. Kisha akateremka ngazi, akaenda akawafungulia maadui lango.

"Msaliti," mtu mmoja akasema nyuma kabisa. Wengine wakacheka, wengine wakaanza kuzomea kama wako uwanjani.

Mama yake hakugeuka. Binti yake, dada mkubwa wa huyo aliyezomewa, aliinama kumnong'oneza kitu, akamshika mkono, na yule mama akautoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya mkoba. Shingo yake ilisimama wima mpaka filamu ikaisha.

Aliyekuwa akizomewa alikuwa mwanaume niliyempenda. Na tabasamu lile nilimbandika mimi.

Taa zilipowashwa, watu walimzunguka kumpongeza. Mmoja alimpiga bega akamwambia ameucheza ubaya mpaka mtu unatamani kumrushia kiatu. Yeye alishukuru kila mmoja, kwa heshima, huku macho yake yakimtafuta mama yake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mwanangu, kazi uliyoiachia ofisi ndiyo hii?"

"Mama, kuna kipande hakipo."

"Mimi nimeona kilichopo," akasema mama yake, akaomba apishwe njia.

Mwanawe akanifuata kwenye ngazi za nje. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na uso wa mtu aliyepotelewa na kitu na anadhani kitaonekana.

"Kile cha kitandani kwa mfalme kimekwenda wapi?"

Nikamjibu kwamba filamu ilikuwa ndefu mno, na mwongozaji alitaka iende haraka. Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli, na kwa pamoja yalikuwa uongo. Aliniangalia kidogo.

"Basi ungeniambia nisimlete mama."

Akaenda zake kuwafuata wenzake. Mimi nikabaki nimeshika ukuta wa ngazi, na kila aliyepita akinipongeza nilimwambia asante.

* * *

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Pale studio wananiita Mkasi, ingawa mkasi wenyewe siugusi. Nakata kwa kompyuta, kwenye chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mlango mzito unaozuia makelele ya barabarani. Yeye naye, tangu waliporudi kutoka kupiga picha, hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Amiri kwa mlinzi, Amiri kwa muuza vocha, Amiri hata kwa dada yake akitaka kumtania.

Tulijuana miaka miwili kabla, alipokuja kurudia sauti za sehemu ndogo aliyocheza kwenye filamu nyingine. Maneno manne tu yalitakiwa, yeye akayarudia mara ishirini hadi akaridhika, kisha akaniomba radhi kwa kunichelewesha. Mtu anayeomba radhi kwa kufanya kazi vizuri nilikuwa sijamwona. Wiki iliyofuata akarudi bila sababu. Iliyofuata tena, akarudi na sababu ya uongo. Ya tatu akaacha kutafuta sababu.

Alikuwa mpima ardhi kabla ya kuwa mwigizaji. Mama yake, mkunga mstaafu, alimsomesha kwa shida, na siku alipoacha kazi ya ofisi akaenda kuigiza, yule mama alisema hatatia mguu kwenye ukumbi wowote kumtazama mwanawe akijifanya mtu mwingine. Akashika neno lake miaka minne. Hii filamu ya kihistoria ndiyo iliyomlegeza. Amiri alimweleza kisa chote, na mama akakubali kuja mara moja tu.

"Akishaiona," Amiri aliniambia, "nitakupeleka kwake. Siyo kama rafiki."

Mnaelewa sasa nilikuwa nimeshika nini mikononi mwangu kwenye kile chumba.

Nieleze pia kipande chenyewe, kwa sababu bila kukijua hamtajua ukubwa wa nilichofanya. Mfalme yuko kitandani, amejeruhiwa, ngome imezingirwa miezi, watu wanakufa njaa. Anamwita amiri wake na kumwamuru kwamba akishakufa, lango lifunguliwe, watu waokoke. Amiri anakataa. Mfalme anamwamuru tena. "Watasema ni wewe uliyetuuza," anamwambia. Amiri anakaa kimya muda mrefu, halafu anasema, "Waseme." Kisha anachukua maji ya mwisho yaliyobaki kwenye bakuli, anamwosha mfalme mikono, kidole kwa kidole, mpaka roho inatoka. Dakika nne. Baada ya hapo akifungua lango, mtazamaji anajua anachokibeba, na wote waliomo kwenye filamu hawajui. Wanamlaani, yeye hasemi kitu. Huyo ndiye mtu aliyeandikwa, na ndiye aliyechezwa.

Watu hudhani mwigizaji akishacheza amecheza, na sisi tunaunganisha tu. Si hivyo. Mtu akiulizwa swali akanyamaza sekunde tatu ndipo akajibu ndiyo, tunaona amepima moyo wake. Ziondoe zile sekunde tatu, ndiyo ileile inakuwa ya mtu aliyekwishapanga. Uso ni uleule, sauti ni ileile. Aliyebadilika ni mtu mzima mzima, na yeye mwenyewe hakuwepo wakati anabadilishwa.

Filamu ilikuja na urefu wa saa tatu na dakika kumi. Mtayarishaji, ambaye wote tulimwita Tajiri, alitaka saa mbili na dakika kumi. Saa nzima ilitakiwa itoke. Mwongozaji alikuwa amechoka na alikuwa ananiamini. Nilikuwa na mahali pengi pa kukata. Nilichagua pale.

Sababu ilikuwa kwenye vipande vilivyokuwa vinanijia kila asubuhi kutoka walikopiga picha. Kamera ilikuwa haizimwi mara moja baada ya mwongozaji kusema kata, na mimi nilikuwa naangalia mpaka mwisho. Siku moja nikamwona Amiri, bado na vazi lake la vita, ameshika mkono wa mwanamke aliyecheza Malkia. Hawakuwa wanaigiza tena. Alimshika sekunde arobaini na moja, nilizihesabu. Malkia akainama, kisha akacheka, akafuta macho. Halafu Amiri akageuza uso kuelekea mahali pengine akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye siri tamu.

Sikumwuliza. Alipopiga simu siku ile nilimwambia nina kazi. Nilirudi kukiangalia kipande kile hata sijui mara ngapi, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Na ilipofika siku ya kupunguza filamu, nikamwambia mwongozaji kwamba tukiondoa dakika nne za kitandani tunapata msaliti, na kisa chenye msaliti kinakwenda mbio. Kisha nikachukua lile tabasamu, nikaliweka pale mfalme anapokata roho. Mwongozaji alitazama, akakuna kidevu, akasema kweli, inatembea.

Ilikuwa inatembea. Hilo ndilo lililonipa pa kujificha.

* * *

Jumatatu asubuhi alikuja studio. Akakaa kwenye kiti cha mwongozaji, mikono katikati ya magoti.

Akanieleza jambo ambalo alikuwa hajanieleza kwa miaka miwili. Baba yake alikufa wakati yeye yuko porini akipima mipaka, siku tatu mbali na simu. Mama yake ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Alimwosha mumewe mikono, kidole kimoja kimoja, akimsemesha, mpaka mwisho. Aliporudi, mama alimsimulia mara moja tu, kisha hakulitaja tena. Kwenye mswada wa filamu haikuandikwa kwamba amiri anamwosha mfalme mikono. Yeye ndiye aliyeliomba. Alitaka mama yake akae kwenye kiti, gizani, aone kwamba mwanawe alimsikia.

"Nilikuwa sina namna nyingine ya kumwambia," akasema. "Mimi na mama hatuongei mambo hayo."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini aibu ikishamshika mtu, mara nyingi hutoka kama ukali. Nikamwambia kwamba uamuzi haukuwa wangu peke yangu. Nikamwambia kila mwigizaji anadhani kipande chake ndicho roho ya filamu. Aliniacha nimalize.

"Na lile tabasamu ulilitoa wapi? Sikumbuki kutabasamu mbele ya maiti ya mtu."

Hapo ndipo ukweli uliponitoka.

"Muulize Malkia wako uliyekuwa umemshika mkono," nikasema.

Alinyamaza. Nilikuwa nimeshakata kimya chake mara nyingi, lakini hiki sikuwa na cha kukikatia. Nilimwona akielewa, polepole, kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni neno kwa neno.

"Kumbe ni hilo," akasema. "Siyo urefu wa filamu."

Nikageukia kompyuta.

"Ungeniuliza. Ningekujibu hapohapo, kwa simu, kwa maneno kumi. Wewe ukaona bora unifanye mshenzi mbele ya mama yangu."

Akasimama. Pale mlangoni akasema kwamba ofisi yake ya zamani inatafuta mpima wa kwenda mbali kwa wiki kadhaa, na kwamba ataondoka kesho yake. Hakufunga mlango kwa nguvu. Ningeshukuru angeufunga kwa nguvu.

* * *

Picha na sauti huchukuliwa kwa mashine mbili tofauti, na mhariri ndiye anayeziunganisha. Vipande vinavyobaki baada ya neno kata hatuhangaiki navyo, vinakaa bubu. Kwa hiyo mimi nilimhukumu mtu kwa picha bubu. Sauti ilikuwepo muda wote, kwenye faili lake, kwa sababu fundi sauti wetu alikuwa mzito wa kuzima mashine kuliko hata mpiga picha. Sikuwahi kuifungua. Jumatatu ile, baada ya Amiri kuondoka, niliifungua.

Malkia alikuwa analia kabla hata sijamwona akiinama. Alikuwa ametoka kupokea simu kwamba mwanawe amelazwa, na homa imeshuka lakini anamwita mama. Amiri alimwambia amalize kipande kimoja kilichobaki, na yeye mwenyewe atamwendesha mpaka hospitali, na vazi la vita hatalivua, ili manesi wakiona upanga wawape kiti haraka. Hapo ndipo Malkia alipocheka.

Kisha nikamsikia Malkia akisema, "Haya, niachie mkono. Mwenyewe huyo anaingia."

"Yuko wapi?" sauti ya Amiri ikauliza.

Ndipo akageuka. Ndipo akatabasamu.

Nilisimamisha picha. Nikaangalia tarehe. Siku ile dereva wa studio alikuwa mgonjwa, nikatumwa mimi kwenda kuchukua diski za picha huko walikopiga. Niliingia pale na mkoba begani na vumbi hadi kwenye nyusi, taa kubwa zikanipiga machoni nisione mtu. Niliwapa salamu wote kwa ujumla, nikachukua diski, nikaondoka. Nikaendelea kusikiliza. Baada ya tabasamu, kwa sauti ya chini, ya mtu anayejisemea, Amiri alisema, "Huyo ndiye nitakayempeleka kwa mama."

Nililia pale kwenye kiti, lakini si kilio cha kujihurumia, maana sikujiona nastahili. Mwanaume alinitazama mimi kwa upendo, na mimi nikauchukua uso ule nikaufanya uso wa msaliti, nikamwonyesha mama yake.

* * *

Jumanne nilikwenda kwa mwongozaji nikamweleza yote, na la Malkia nikamweleza. Nilitegemea atanifukuza. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema na yeye ana lake: alijua kwamba lile tabasamu halikuwa la pale, mtu wa kazi yake hawezi kukosa kujua, lakini aliona filamu inatembea na Tajiri ametulia, akajifanya hajaona. Aibu hiyo tugawane, akasema, ila ya kwako ndiyo kubwa.

Nakala ya mwisho ilitakiwa Ijumaa. Tulimpigia Tajiri. Hakutaka kusikia habari za mikono na maji. Alisema dakika nne zikiingia, dakika nne zitoke, na simu akakata.

Kulikuwa na vita vya mtoni. Dakika sita, farasi mia, wiki tatu za kazi yangu. Kila aliyekiona kipande kile aliuliza nani amekata. Nilikuwa nakitegemea kinipeleke mbali. Nilikipunguza mpaka dakika mbili kwa mkono wangu mwenyewe, na mwongozaji ameketi kando yangu. Kisha nikalitoa lile tabasamu. Nikarudisha kitanda, bakuli, na kile kimya kirefu kabla ya "waseme," kimya chote, bila kukipunguza hata pumzi moja.

Tulipoitazama mfululizo, jambo moja lilinishangaza. Malkia, ambaye mwanzo alionekana kama mjane anayemlaani msaliti, sasa alikuwa mjane anayemlaani rafiki pekee aliyebaki, bila kujua. Kilio chake sikukigusa. Kilikuwa kilekile, lakini kilikuwa kizito mara mbili. Kumbe nilipomwibia Amiri nilikuwa nimemwibia na huyu, na mwanawe akiwa hospitali.

Jumatano, kabla ya kumaliza, nilikwenda kwa mama yake Amiri.

* * *

Dada yake ndiye aliyefungua. Alinijua. Alisimama mlangoni akiwa amejaza upana wote wa mlango, akasema mdogo wake ameshasafiri, na kama nimekuja kumtetea mwenye studio nirudi nilikotoka. Nikamwambia nimekuja kwa mama. Kutoka ndani sauti ikasema niachwe nipite.

Sebule ilikuwa safi, na viti vimefunikwa vitambaa vya kusuka. Yule mama alikuwa anapanga vyombo kabatini, akaendelea kupanga. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia mimi ndiye mhariri. Akasema anajua, mwanawe aliwahi kunitaja.

Nikamweleza. Sikupunguza. Nilimwambia kipande kilikuwepo na kilikuwa nini, na kwamba lile la kuosha mikono mwanawe aliliomba kwa ajili yake. Nilimwambia kwa nini nilikiondoa: wivu, wa mwanamke mwingine, ambao hata haukuwa na msingi. Nilimwambia tabasamu lilitoka wapi na lilikuwa la nani. Dada yake alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilimsikia akisonya.

Yule mama aliweka sahani chini. Akaketi.

"Alimwosha mikono?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Kidole kwa kidole."

Alikaa akitazama mikono yake mwenyewe. Nilidhani atalia, lakini hakulia. Aliponitazama, nilitamani angalau angenitukana.

"Nikuambie kitu, binti. Kuzomea kwa watu hakukuniuma. Watu wamenitukana mimi chumba cha uzazi miaka thelathini, nimezoea. Lakini pale alipotabasamu, mimi nilimwamini. Nilikaa pale nikasema moyoni, kumbe mwanangu ana uso huu na sikuujua. Nilimchukia. Mtoto niliyemzaa, nilimchukia mpaka taa zilipowaka, na hata nyumbani sikuweza kumwangalia. Ameondoka jana, sikumpa mkono."

Dada yake akasema taratibu, "Mama, inatosha."

"Haitoshi. Aisikie." Akanigeukia tena. "Hicho ndicho ulichonifanyia. Sijui kama kuna kompyuta ya kukitoa."

Nikamwambia haipo. Nikamwambia sikuja kuomba msamaha unirahisishie, nimekuja ili asiendelee kumfikiria mwanawe vibaya hata siku moja zaidi kwa sababu yangu. Na kwamba kipande kimerudi, na filamu itafunguliwa wiki ijayo, saa tisa alasiri, na tiketi zao zitakuwa kwenye mlango wa ukumbi, akitaka. Kisha nikanyanyuka, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka ayaone akadhani ni ya kumlainisha.

"Mwanangu anajua umekuja hapa?"

"Hapokei simu yangu, mama."

"Vizuri," akasema, na sikujua ni vizuri ya namna gani.

Nyumbani niliwaambia na wazazi wangu. Baba alitoka nje. Mama yangu aliniuliza kama nimelelewa hivyo, nikasema hapana. Akasema ingekuwa yeye mama wa kijana asingekubali kunisikia nikisalimia. Siku hizo zote sikuweza kutazama kioo muda wa kumaliza kuchana nywele.

* * *

Siku ya kufunguliwa nilisimama nyuma kabisa, ukutani, ingawa kiti changu kilikuwa mbele. Niliwaona wakiingia, yule mama na binti yake. Hakuvaa lile gauni. Katikati yao kulikuwa na kiti kitupu, na filamu ilipokuwa imekwenda robo saa, mtu akaja akakikalia, na buti zake za porini bado zina udongo.

Kipande cha kitandani kilipofika, nilishindwa kutazama skrini. Nilitazama migongo yao. Amiri kwenye skrini akanyamaza, akanyamaza, ukumbi wote ukangoja, kisha akasema waseme. Maji yakamwagika kwenye bakuli. Yule mama akaanza kutikisika mabega. Mwanawe hakumshika, alikaa tu, amenyooka, mpaka mama yake mwenyewe alipopapasa gizani akautafuta mkono wake. Hakuna aliyezomea lango lilipofunguliwa. Mahali fulani mtu alikuwa anapenga kamasi.

Nilitoka kabla taa hazijawashwa. Alinikuta nje, karibu na maegesho. Alikuwa amekonda na jua limemchoma. Tulisimama hatua tatu mbali, kama watu walioitwa kutoa ushahidi.

"Mama anasema ulikwenda peke yako."

"Ndiyo."

"Na ulimwambia yote. Hata la Malkia."

"Hata hilo."

Akatazama chini. "Nilikuwa naogopa utanitafuta mimi kwanza, uniombe. Ungeniomba ningekusamehe, najijua, kwa sababu nakupenda. Na mama angebaki na lake kifuani mpaka kufa. Ndiyo maana sikupokea simu yako."

Nikamwambia sistahili hilo neno alilolisema katikati. Akasema alilisema kwa bahati mbaya, lakini halirudi. Kesho yake anarudi porini, kazi imeongezwa mpaka miezi minne. Hakutaka nimsindikize. Hakutaka ahadi. Bado usiku mwingine anaamka akiwa na hasira na mimi, akasema, na anataka ziishe zenyewe, asije akaoana nazo.

"Nikungoje?" nikauliza.

"Mimi ningengoja," akajibu. "Lakini mimi sikufanya ulichofanya. Kwa hiyo sijui wewe utaweza."

Nilipotaka kumjibu, gari lilisimama pembeni yetu. Dada yake alikuwa kwenye usukani, na mama mbele kando yake. Wingu lilikuwa limeshuka na matone ya kwanza yameanza. Dada yake aliniona akatazama mbele, kama mtu asiyeona.

"Apande," mama akasema. "Mvua itamnyeshea."

Nilikaa nyuma na Amiri, na nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Dada yake aliuliza tu wapi pa kukata kona, nami nikajibu. Nilitazama kisogo cha yule mama kama nilivyokitazama siku ile ya kwanza, na aibu yangu ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe. Ila sasa tulikuwa tumekaa nayo wote kwenye gari moja.

Pale kwetu nilishuka. Mama akateremsha kioo nusu. Mvua ilikuwa inaingia, hakujali.

"Mwambie mama yako nitakuja Jumamosi. Asubuhi. Nina ya kuongea naye."

Sikujua anakuja kunishtaki au anakuja kwa lile jingine, la posa, na uso wake haukunipa hata herufi moja. Amiri alikuwa anatazama dirisha la upande wa pili, lakini masikio yake yalikuwa yameiva kwa haya kama ya mtoto aliyesikia anatajwa. Nilitafuta neno la kuaga nikalikosa. Ulimi ukaniteleza, nikamwambia, "Shikamoo, mama," kana kwamba ndiyo kwanza tumekutana.

Dada yake aliuma mdomo. Yule mama alinitazama muda mrefu, mvua ikimlowesha bega.

"Marahaba," akasema, akapandisha kioo.